Nani Amtazame Mtazamaji?

Katika majengo mengi ya umma hapa nchini utakuta vibao viwili vimekaa ukuta mmoja kama ndugu wa tumbo moja. Cha kwanza husema kwamba eneo hili linalindwa kwa kamera saa 24. Cha pili husema ni marufuku kupiga picha. Wengi wetu huvisoma vyote viwili bila kushtuka, tukaingia ndani, tukapanga foleni. Lakini msomaji akijaribu kuvisoma kwa pamoja, kama sentensi moja, ataona kwamba vinatangaza mkataba ambao hakuwahi kuutia saini: mwenye jengo ana haki ya kukutazama, kukurekodi na kuihifadhi sura yako kwa muda apendao, nawe huna haki hata ya kubaki na kumbukumbu ya namna ulivyohudumiwa au ulivyofukuzwa.

Mtu aliyeufanya mkataba huo kuwa kazi ya maisha yake ni Steve Mann, mhandisi wa Kanada aliyepata shahada ya uzamivu katika chuo cha MIT mwaka 1997 na ambaye kwa miaka mingi amekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Toronto. Tangu ujanani Mann alikuwa akijitengenezea kompyuta za kuvaa mwilini: kwanza mizigo mizito ya nyaya na betri iliyomfanya aonekane kama mtu aliyetoroka karakana, baadaye miwani yenye kamera isiyoonekana kwa urahisi. Kwa vifaa hivyo aliingia madukani na kuwauliza wafanyakazi kwa nini dari limejaa kamera. Walipomjibu kwamba mtu asiye na hatia hana la kuogopa, alitoa kamera yake na kuwaelekezea wao. Wengi walikasirika, na baadhi walimwambia aende akaongee na meneja.

Kutokana na majaribio ya namna hiyo Mann alibuni istilahi. Wafaransa wana neno la ufuatiliaji ambalo, ukilichambua mizizi yake, maana yake ni kutazama kutoka juu. Yeye alibadilisha kiambishi cha mbele ili maana iwe kutazama kutoka chini, na mwaka 2003, akiwa na wenzake Jason Nolan na Barry Wellman, alichapisha makala ya kitaaluma iliyolieneza neno hilo. Kwa Kiswahili sioni sababu ya kuhangaika sana: tuseme kuna jicho la juu na jicho la chini. Jicho la juu ni la polisi, la mwajiri, la benki, la mwenye duka. Jicho la chini ni la raia, la mchuuzi, la mfanyakazi, la mwanafunzi. Hoja ya Mann ni kwamba jamii yenye jicho la juu pekee imeegemea upande mmoja, na kwamba kifaa kilichovaliwa mwilini kinaweza kuirudisha katika mizani.

Wanaotaja ufuatiliaji hawakosi kumtaja Jeremy Bentham, yule Mwingereza aliyependekeza mwishoni mwa karne ya 18 gereza la duara lenye mnara katikati, ambamo mlinzi angewaona wafungwa wote nao wasimwone. Michel Foucault alipoandika kitabu chake kuhusu adhabu na gereza, mwaka 1975, aliufanya mnara huo kuwa alama ya utawala wa zama zetu. Lipo jambo moja katika pendekezo la Bentham ambalo husahaulika. Yeye mwenyewe alitaka milango ya mnara iwe wazi kwa umma, ili raia yeyote aweze kuingia na kumkagua mkaguzi. Zama zetu zimeuchukua mnara na kuuacha mlango. Kamera zinanunuliwa, zinafungwa, zinazinduliwa kwa kukata utepe. Ukiuliza nani anaketi mbele ya skrini na picha zinafutwa lini, utajibiwa kwamba hayo ni masuala ya usalama.

Historia ya jicho la chini inatufundisha mambo mawili yanayovutana. La kwanza ni nguvu yake. Usiku wa tarehe 3 Machi 1991, mkazi mmoja wa Los Angeles aitwaye George Holliday alisimama kwenye roshani yake na kamera ya mkono, akawarekodi askari wakimpiga Rodney King aliyekuwa chini. Bila mkanda ule, tukio hilo lingebaki kuwa neno la askari dhidi ya neno la mtu mweusi mwenye rekodi ya makosa, na sote tunajua mizani ya namna hiyo huelemea wapi. Miaka 29 baadaye, tarehe 25 Mei 2020, msichana wa miaka 17, Darnella Frazier, alisimama kando ya barabara mjini Minneapolis na simu mkononi wakati Derek Chauvin alipomkandamiza George Floyd shingoni kwa goti kwa zaidi ya dakika tisa. Taarifa ya kwanza ya polisi ilizungumzia mtu aliyepatwa na tatizo la kiafya. Simu ya msichana yule ndiyo iliyoikanusha. Chauvin alitiwa hatiani kwa mauaji mwezi Aprili 2021, na mwezi Juni mwaka huohuo Bodi ya Tuzo za Pulitzer ikamtunuku Frazier heshima maalumu.

La pili ni udhaifu wake. Katika kesi ya Rodney King, mawakili wa utetezi waliuonyesha mkanda polepole, picha moja baada ya nyingine, hadi kila pigo likapata maelezo yake na kila mtikisiko wa mwili wa King ukageuka kuwa tishio. Tarehe 29 Aprili 1992 jopo la raia halikumtia hatiani hata mmoja wa askari wale wanne. Los Angeles ikawaka, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Ukienda Hebron, katika Ukingo wa Magharibi, utakuta somo lilelile. Tangu mwaka 2007 shirika la haki za binadamu la B'Tselem limekuwa likiwagawia Wapalestina kamera. Mwezi Machi 2016 mmoja wa watu wake wa kujitolea alirekodi askari wa Israeli akimpiga risasi kichwani Mpalestina aliyekuwa amemshambulia askari kwa kisu, lakini ambaye wakati huo alikuwa amelala chini akiwa majeruhi. Askari yule alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miezi 18, kikapunguzwa kuwa 14, naye akatoka baada ya miezi tisa. Kamera ilileta kesi mahakamani. Adhabu iliamuliwa na mambo mengine.

Hapa kwetu Afrika Mashariki jicho la chini halijavaa miwani ya Mann. Limeshika simu janja. Tarehe 17 Juni 2025, katikati ya jiji la Nairobi, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani na askari polisi kwa karibu sana wakati wa maandamano. Kamera zilikuwapo na dunia ikaona. Alifariki dunia mwishoni mwa mwezi huo, na askari akashtakiwa kwa mauaji. Kwa upande wa Tanzania sihitaji kwenda mbali. Yeyote aliyewahi kukaa kituo cha daladala ameona jinsi askari mgambo anayeburuta meza ya machinga anavyobadilika sauti pindi simu tatu au nne zinapoinuliwa, na ameona pia jinsi simu ya kwanza kuinuliwa inavyoweza kunyang'anywa. Mtu anayerekodi hajui ni lipi kati ya hayo mawili litampata. Ndiyo maana watu wengi huangalia pembeni, kisha jioni husimuliana.

Katiba yetu imeyaweka karibu sana mambo haya yanayogombana. Ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Ibara ya 18 inalinda uhuru wa maoni na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kati yake kuna ibara moja tu. Wenye mamlaka wakirekodiwa hupenda kukimbilia ile ya 16, na wananchi wakiwarekodi hupenda kuegemea ile ya 18. Kwa maoni yangu tofauti yake huonekana ukiuliza swali moja: huyu anayerekodiwa, kwa wakati huu, anatumia madaraka ya nani? Askari aliye zamu anatumia nguvu tuliyomkabidhi sisi. Faragha yake inamsubiri nyumbani pamoja na viatu vyake vya kawaida.

Mpaka hapo naandika kama mtu aliye upande wa chini, na ni rahisi kuandika hivyo. Lakini kanuni huonekana thamani yake inapomgeukia anayeihubiri. Mimi ni mhadhiri. Natembea kati ya safu za madawati katika chumba cha mtihani nikitazama mikono ya watu. Nasahihisha karatasi peke yangu, mlango ukiwa umefungwa. Alama moja ya kalamu yangu inaweza kumrudisha kijana nyumbani kwa wazazi waliouza ng'ombe ili asome. Kwa hiyo, ndani ya uzio wa chuo, jicho la juu ni langu.

Miezi michache iliyopita, katika chuo ninachofundisha, ilisambazwa rasimu ya kanuni inayosema kwamba mwanafunzi yeyote atakayemrekodi mwalimu kwa sauti au kwa picha, darasani au ofisini, bila idhini ya maandishi, atahesabiwa kuwa ametenda kosa la kinidhamu linaloweza kumfukuzisha chuo. Rasimu ilitaja simu, saa janja na miwani yenye kamera. Tuliombwa maoni. Wenzangu wengi waliiunga mkono, nami naelewa kwa nini. Mwaka juzi nilikuwa nikifundisha mada ya uchumi wa kikoloni, na kama ilivyo desturi yangu nikaanza kwa kueleza kwa uaminifu hoja za wale wanaoutetea ukoloni, kisha nikatumia saa nzima kuzibomoa. Kipande cha sekunde 40, cha ule mwanzo tu, kilikatwa na kuzungushwa katika makundi ya WhatsApp. Kwa wiki mbili nilikuwa mhadhiri anayewasifu wakoloni. Shangazi yangu alinipigia simu kutoka kijijini kuniuliza kama ni kweli. Kwa hiyo sitamdharau mtu anayesema kwamba darasa linahitaji hifadhi. Mwalimu anayejua kila neno lake litakatwa vipande hatafundisha. Atasoma maandishi yaliyoidhinishwa, na wanafunzi watakuwa wamepoteza mwalimu na kubaki na kinasa sauti.

Hata hivyo nimeipinga rasimu hiyo, na sababu yangu ni lile neno dogo: ofisini.

Mwezi Oktoba 2019 waandishi wa BBC Africa Eye walitangaza uchunguzi uliowahusu wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Lagos na Chuo Kikuu cha Ghana. Waandishi wa kike walijifanya wanafunzi au waombaji wa nafasi, wakaingia katika ofisi za wahadhiri wakiwa na kamera zilizofichwa. Yaliyorekodiwa hayakuwa mageni kwa mwanafunzi yeyote wa kike katika bara hili: maneno ya utani yanayokwenda yakikaza, mlango unaofungwa, mamlaka ya mtihani yanayogeuzwa kuwa mtego. Baadhi ya wahusika walisimamishwa kazi baada ya filamu kuonyeshwa. Nawaomba wenzangu wa taaluma hii tujiulize kwa utulivu: kabla ya kamera ile, wanafunzi wangapi walilalamika wakaambiwa walete ushahidi?

Sheria ya Tanzania haina mashaka juu ya uovu huu. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa huduma, haki au upendeleo. Lakini rushwa ya ngono haina risiti. Hutendeka kati ya watu wawili katika chumba kimoja, na mmoja kati yao ndiye mwenye kalamu ya alama. Ukimnyima mwanafunzi kinasa sauti katika chumba hicho, kisha ukamwambia akathibitishe madai yake mbele ya kamati, umemfungia mlango wa mbele na wa nyuma. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na hapa tunataka kuipiga kata marufuku.

Kwa hiyo niliandika kwamba darasa na ofisi ni mahali pawili tofauti. Darasani kuna mashahidi 200. Upotoshaji wa kipande cha mhadhara unaweza kusahihishwa na 199 waliobaki, na kanuni inaweza kuadhibu upotoshaji bila kuadhibu kurekodi. Ofisini hakuna shahidi. Pale ambapo madaraka hayalingani na mashahidi hawapo, aliye dhaifu ana haki ya kwenda na shahidi wake, hata kama shahidi huyo ni kifungo cha shati.

Baada ya kusema hayo, lazima niseme pia kinachonitisha, maana kuna wanaodhani kila kamera iliyo mkononi mwa mnyonge ni silaha ya mnyonge. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, nao hawakuwa wakifikiria teknolojia, lakini hakuna methali inayoifaa zaidi teknolojia ya kuvaliwa. Mann alijitengenezea vifaa vyake mwenyewe. Alijua kila waya unakwenda wapi. Miwani inayouzwa leo imetengenezwa na kampuni kubwa ambazo biashara yake ni kujua watu wanatazama nini. Google walipoileta Google Glass kwa wanunuzi wa mwanzo mwaka 2013, kwa dola 1,500, watu waliichukia haraka. Baa na migahawa kadhaa ya Marekani iliipiga marufuku, na mwezi Januari 2015 kampuni iliacha kuiuza kwa umma. Safari hii Meta, kwa kushirikiana na Ray-Ban, wameleta miwani inayofanana na miwani ya kawaida, yenye taa ndogo ya kuashiria kurekodi. Mwaka 2024 wanafunzi wawili wa Harvard walionyesha kwamba picha kutoka katika miwani hiyo, zikiunganishwa na programu za kutambua sura, zinaweza kutoa jina la mpita njia na taarifa zake nyingine ndani ya muda mfupi. Walifanya hivyo ili kuonya. Onyo hilo linafaa kusikilizwa Kariakoo kama linavyofaa kusikilizwa Boston.

Kwani nani atakayetazamwa kwanza na miwani hiyo? Sidhani atakuwa kamanda wa polisi. Atakuwa mama lishe anayeinama kupuliza moto, binti aliyekaa siti ya mbele kwenye basi, mtoto anayeogelea Coco Beach. Jicho la chini likimgeukia aliye chini zaidi, limekuwa jicho la juu lenye miguu. Na picha zake zikipanda moja kwa moja kwenda kwenye hifadhi ya kampuni ya kigeni, raia aliyedhani anaukagua mnara atakuwa ameajiriwa kuujenga, tena bila mshahara. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zimeanza kuligusa jambo hili, ingawa zinahitaji wananchi wanaozijua na mamlaka zisizoogopa wakubwa.

Wapo pia wanaosema suluhisho ni kuwavisha askari wenyewe kamera vifuani. Matokeo yake yametofautiana. Katika mji mdogo wa Rialto, California, jaribio la mwaka 2012 hadi 2013 lilihusishwa na kupungua sana kwa malalamiko dhidi ya polisi na kupungua kwa zaidi ya nusu kwa matumizi ya nguvu. Lakini utafiti mkubwa zaidi uliofanyika Washington, uliohusu askari zaidi ya 2,000 na kutolewa mwaka 2017, haukuona tofauti ya maana. Huenda jibu limo katika swali la nani anaishika swichi na nani anahifadhi picha. Kamera iliyo kifuani mwa askari, inayozimwa na askari na kutunzwa na mkuu wake, ni jicho la juu lililoshushwa hadi usawa wa kifua. Nyani haoni kundule, hata ukimvalisha miwani.

Kwa hiyo mimi napima kila kamera kwa maswali matatu. Inamtazama aliye na madaraka zaidi au aliye na machache zaidi kuliko anayeishika? Inatazama kazi ya mtu au maisha yake? Na picha ikishapigwa inakwenda wapi: mbele ya anayeweza kutoa haki, au sokoni? Kamera iliyofichwa katika ofisi ya mhadhiri wa Lagos inayashinda maswali yote matatu. Miwani ya kijana anayewarekodi wasichana ufukweni ili apate wafuasi inaanguka katika yote. Zile kamera za ukutani zilizo katika majengo yetu ya umma zingeweza kufaulu nusu ya mtihani kama wenye nazo wangetangaza nani anazitazama na picha zinafutwa baada ya siku ngapi.

Mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliniuliza kwa ukali kidogo kama mimi nitakuwa tayari kuzungumza na kila mwanafunzi nikijua huenda ana kinasa sauti mfukoni. Nilimjibu kwamba tayari nafanya hivyo, kwa sababu sina njia ya kujua nani anacho na nani hana. Nimeona pia kwamba hali hiyo imenibadilisha katika mambo madogo: namwachia mwanafunzi kiti kilicho karibu na mlango, namweleza kwa utaratibu sababu ya alama zake, na sitanii mambo ambayo nisingetania mbele ya baba yake. Sijapoteza uhuru wowote wa kitaaluma kwa kufanya hayo.

Maoni yangu nimeyawasilisha kwa maandishi, yakiwa na jina na saini yangu. Kikao cha kuamua kimepangwa mwezi ujao. Nimeomba wanafunzi wawe na wawakilishi wawili ndani ya chumba hicho, wenye haki ya kuandika kila wanachokisikia. Bado sijajibiwa.